Sura ya Nne: Donda Ndugu

Kiswahili kina jina la kidonda kisichotaka kupona: donda ndugu. Aliyelitunga jina hilo alikuwa amekaa na mgonjwa muda mrefu. Ndugu haondoki. Anaingia nyumbani, anapewa mahali pa kulala, anazoeleka, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka siku aliyofika. Ndivyo kidonda cha mguu kinavyoishi na mkulima wa Butembo au Beni, huku mashariki mwa Kongo. Kinaoshwa asubuhi, kinafungwa kitambaa, kinakwenda shambani kwenye maharagwe au kakao, kinarudi jioni.

Keti na mwenye kidonda hicho kwenye benchi la kituo cha afya, umwulize.

"Kina muda gani hiki, mzee?"

"Tangu wakati wa Ebola, munganga."

Watu wa huku, wanaomwita daktari munganga, huhesabu miaka kwa mambo yaliyowapata. Mwingine atakwambia "tangu tulipokimbia", na itabidi umwulize kukimbia kupi. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina karibu na Beni, na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Kwa hiyo mzee anapoitaja Ebola, kidonda chake kina miaka mitano au zaidi. Kitambaa hakijafunuliwa bado, na tayari ameshasema jambo kubwa kuliko yote ambayo jicho litaona. Jipu haliishi miaka mitano. Funza haishi hata miezi miwili. Kidonda cha mwiba, kikiwa kwa mtu anayekula na asiye na kisukari, hufunga ndani ya wiki chache.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema hapa. Katika ngozi nyeusi, na katika milima hii yetu, saratani ya ngozi, ambayo mitaani tunaiita kansere, haitambuliwi kwanza kwa sura. Inatambuliwa kwa umri wake na kwa mahali ilipokaa. Sura yake imeazimwa kwa majirani: kwa chunjua, kwa fangasi, kwa ukoma, kwa kovu, kwa kidonda cha kawaida. Ukiifuata sura utapotea. Ukiuliza tangu lini na wapi, una nafasi kubwa ya kufika.

Na mahali penyewe, kwa wengi wetu, ni mguu.

Vitabu vya utabibu havianzii huko. Vinaanza na picha ya mgongo wa Mzungu aliyekaa juani, wenye doa jeusi. Mwaka 1985 madaktari wa New York walitunga kanuni ya herufi A, B, C na D ya kutambua mapema melanoma, ile saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi: doa ambalo pande zake hazilingani, lenye kingo zilizochakaa kama karatasi iliyochanwa kwa mkono, lenye rangi zaidi ya moja, lenye upana unaozidi milimita 6. Mwaka 2004 wakaongeza E, yaani doa linalobadilika. Kanuni hiyo imeokoa watu wengi. Lakini muuguzi wa Kyondo au Mutwanga akiishika peke yake atatafuta migongoni mwa watu, na migongoni hatapata kitu. Rangi yetu hutukinga vizuri sana na melanoma ya jua. Haitukingi na ile isiyohitaji jua, inayoota chini ya unyayo, kwenye kiganja na chini ya ukucha. Hiyo ndiyo melanoma ya mtu mweusi, na mahali inapoota ni pale ambapo mtu hajitazami na mgeni hathubutu kumtazama.

Kwa hiyo uchunguzi unaanza na maji. Udongo wa vilima vya Butembo ni mwekundu na unanata. Unaingia kwenye mipasuko ya kisigino ukakaa humo mpaka ukafanana na ngozi. Mwoshe mtu miguu yote miwili kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hata kama amekuja kwa ajili ya mmoja. Mkaushe katikati ya vidole. Msogeze mlangoni penye mwanga wa mchana, umwombe anyooshe mguu juu ya goti lako. Wengi wataona haya, hasa wazee, kwa kuwa si desturi mtu kumwonyesha kijana unyayo wake. Usiharakishe. Mwambie unachofanya, kisha utazame kisigino, upinde wa unyayo, mizizi ya vidole, mmoja baada ya mwingine.

Unachoona mara nyingi si ugonjwa. Watu weusi wengi wana madoa ya kahawia unyayoni: mengi, madogo, bapa, yako miguu yote miwili, na mama wa mtu huyo alikuwa nayo pia. Hayo yaache. Lile la kukusimamisha ni doa la pekee, ambalo halikuwapo mtu alipokuwa kijana, linalotanuka, lenye weusi mahali, kijivu-buluu mahali na wekundu mahali pengine, au lililoinuka na kuanza kuchuruzika.

Kabla ya kulihukumu, lipe nafasi ya kuwa kitu kingine. Funza jike akishaingia ngozini huvimba kwa mayai; utaona nukta nyeusi katikati ya duara jeupe, nayo inawasha sana, na katika wiki 4 hadi 6 mdudu amekufa na kutoka. "Funza" aliyekaa tangu Krismasi mpaka Pasaka si funza. Chunjua ya unyayo inajulikana ukiparua ganda lake taratibu kwa wembe mpya: chini yake zinatokea nukta ndogondogo, nyeusi au nyekundu, ambazo ni vichwa vya mishipa ya damu, na mistari ya ngozi inaizunguka badala ya kupita juu yake. Ibane kwa vidole kutoka pembeni. Chunjua huuma zaidi hivyo. Sugu huuma zaidi ukiikandamiza kutoka juu, na ukiiparua unakuta ngozi ngumu tu, ya manjano, isiyo na nukta. Damu iliyovilia chini ya ngozi baada ya kupigwa na jiwe hufifia wiki hadi wiki. Melanoma haifanyi lolote kati ya hayo. Ukiiparua, rangi inaendelea kwenda chini.

Kuna moja inayowadanganya hata wenye uzoefu: melanoma isiyo na weusi. Inakuja kama kinyama chekundu kinacholowa, kinachotoa damu kikiguswa, na inafanana kabisa na kile kinyama cha damu kinachoota haraka baada ya mtu kuchomwa na mwiba. Kile cha mwiba huota kwa wiki mbili tatu, na mwenye nacho anaukumbuka mwiba wenyewe. Hata hivyo, sijui mtu makini anayekikata kinyama cha namna hiyo unyayoni akakitupa bila kukipeleka kupimwa, na wewe usiwe wa kwanza.

Kucha zina somo lake. Sokoni kuna vijana wanaopita wakigonganisha vichupa vya rangi ya kucha ili wateja wawasikie. Wao huona kucha nyingi kwa siku kuliko munganga yeyote, na mara nyingi wanaombwa wafiche mstari mweusi chini ya rangi nyekundu. Mistari hiyo ni ya kawaida kwetu. Mtu mweusi akizidi kukua kiumri, ndivyo inavyoongezeka: myembamba, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, kwenye vidole vingi. Unaotisha ni mstari mmoja katika ukucha mmoja, hasa wa dole gumba la mkono au kidole kikubwa cha mguu, kwa mtu aliyepita umri wa miaka 50, uliozidi milimita 3 kwa upana na unaoendelea kupanuka, wenye kingo zilizofifia. Weusi ukishavuka ukucha na kumwagikia kwenye ngozi ya mzizi wake, hapo hakuna tena cha kusubiri.

Ikiwa mtu anaapa kwamba ni damu ya kujikwaa, ipo njia ya kumsadiki au kumkatalia bila ugomvi. Kwangua alama ndogo juu ya ukucha pale doa linapoishia upande wa mzizi. Ukucha wa kidole kikubwa cha mguu hukua milimita moja hivi kwa mwezi. Baada ya miezi miwili, damu itakuwa imesogea mbele pamoja na alama, na nyuma yake ukucha safi unaonekana. Melanoma haisogei, inabaki na mizizi yake pale pale, na alama yako inaiacha. Lakini njia hii ni ya doa linaloelekea kweli kuwa damu. Penye mstari mpana, au weusi uliovuka ukucha, miezi miwili ni mingi mno.

Bob Marley, ambaye nyimbo zake zinapigwa kwenye kila basi kati ya Butembo na Kasindi, alikuwa na ugonjwa huu huu. Saratani iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu. Ilikuwa imedhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Nimekuta kijana mmoja akikataa kuvua kiatu kwa haya, na akakivua aliposikia habari hiyo.

Saratani ya pili inayopenda mguu ina historia ndefu zaidi katika ardhi hii. Mwaka 1872, mjini Vienna, daktari Moritz Kaposi alieleza wagonjwa watano waliokuwa na vinundu vya rangi ya zambarau ngozini, vilivyoanzia miguuni. Kwa Ulaya ulikuwa ugonjwa wa nadra, wa wazee wachache. Kisha madaktari wa kikoloni wakaanza kuukuta huku kwetu kwa wingi uliowashangaza. Mwaka 1957 daktari A. Thijs alichapisha utafiti wake kuhusu ugonjwa huo, uliopewa jina la Kaposi, katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, na mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kwa mkutano wa ugonjwa huo peke yake. Tuangalie miaka hiyo vizuri. UKIMWI ulikuwa haujatambuliwa popote duniani. Kwa hiyo anayedhani kila mwenye Kaposi ana virusi vya UKIMWI anawasingizia wakulima ambao babu zao walikuwa na ugonjwa huu kabla ya virusi hivyo kupewa jina. Virusi vinavyouleta ni vingine, vilivyogunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Watoto wengi wa Afrika huvipata kwa mate ndani ya familia, na wengi wao hawaugui maisha yao yote. Kinga ya mwili inapodhoofishwa na virusi vya UKIMWI, ndipo Kaposi hulipuka. Pasipo UKIMWI, huja polepole, kwa miaka mingi, hasa kwa wanaume wa makamo na wazee, kwenye mguu.

Kwa nini mguu? John Ziegler, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya saratani katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba ramani ya Kaposi ya zamani inafuatana na udongo wa volkano, akapendekeza mwaka 1993 kwamba chembechembe za udongo zinazopenya unyayo mtupu huidhoofisha kinga ya mguu wenyewe. Ni wazo zuri na linavutia kwa sababu linaanzia pale mtu anapokanyaga. Lakini volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, ziko kusini mwetu, na Ruwenzori, mlima unaoonekana kutoka Mutwanga, si volkano. Nalitaja kama wazo, si kama jibu.

Katika ngozi nyeusi zambarau ya vitabuni haionekani. Utakachoona ni doa la hudhurungi iliyoiva au jeusi kuliko ngozi, gumu kidogo ukilipapasa, lisilowasha wala kuuma. Likandamize kwa kidole: rangi haikimbii. Baadaye yanatokea mengine yakijipanga kwenye mguu, kisha vinundu, kisha mguu wenyewe unavimba na kuwa mgumu kama ubao. Hapo ndipo ndugu wanaposema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, na safari ya kwa waganga inaanza, mbuzi mmoja baada ya mwingine. Siwalaumu. Mguu uliovimba bila kuuma, kwa mtu asiye na homa, unatafuta maelezo, na pasipo maelezo mtu huchukua yaliyo karibu. Matende nayo huvimbisha mguu hivyo hivyo, na wanaotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu huvimba pia. Tofauti utaitafuta juu ya uvimbe: mguu wa matende una ngozi iliyokunjamana, yenye vidutu, rangi moja; mguu wa Kaposi una madoa na vinundu vyeusi.

Halafu mwambie afumbue mdomo. Hatua hii inachukua nusu dakika na inasahauliwa na karibu kila mtu. Washa tochi ya simu, tazama kaakaa. Doa la zambarau juu ya kaakaa la waridi halifichwi na rangi ya mtu. Huko ndani sote tunafanana. Likiwepo, Kaposi inakuwa dhana ya kwanza, kipimo cha virusi vya UKIMWI kinafanywa siku hiyo hiyo, na akiwa navyo, dawa za kupunguza makali ya virusi zenyewe ni nusu ya matibabu.

Hata wenye jicho la kazi hukosea. Huko Kampala, na Eldoret nchini Kenya, watafiti waliwapa wagonjwa huduma ya bure ya kukata kinyama kila daktari aliposhuku Kaposi. Kiasi cha robo tatu ya vinyama hivyo ndivyo vilivyothibitika kuwa Kaposi. Robo iliyobaki ni watu ambao wangeweza kupewa dawa kali za saratani kwa ugonjwa mwingine. Bakteria wanaoitwa Bartonella huleta vinundu vyekundu vinavyofanana na Kaposi kama pacha, na hao wanatibiwa kwa vidonge vya kawaida vya doksisaiklini au erithromaisini.

Sasa turudi kwa mzee na kidonda chake, maana hapa ndipo penye watu wengi zaidi.

Kilomita 30 hivi kaskazini ya Beni iko Oicha. Daktari Carl Becker, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1929, alijenga huko hospitali, na kando yake kijiji cha wagonjwa wa ukoma ambacho katika miaka ya 1950 kilikuwa na maelfu ya watu. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, alilazimika kuondoka. Baadaye kazi yake ikaendelea Nyankunde, Ituri. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ikashambuliwa, watu wengi wakauawa, na walionusurika wakatembea kwa miguu siku nyingi mpaka Oicha na Beni. Naisimulia historia hii kwa sababu ukoma umewaachia wazee wa huku urithi wa aina yake: unyayo usio na hisia. Asiyehisi hachechemei. Anatembea juu ya kidonda chake miaka 20, na kidonda kinachofunga na kufunguka miaka 20 kinaweza siku moja kugeuka saratani.

Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika mwaka 1828 kuhusu vidonda vinavyoota juu ya makovu, na saratani inayozaliwa humo inabeba jina lake hadi leo. Mtoto aliyeangukia jikoni kwenye moto, akapona na kovu la kung'aa kwenye muundi, anaweza kuipata akiwa na miaka 40. Mara nyingi huchukua miongo mitatu. Na kwa kuwa kovu ni la zamani, hakuna anayefikiri kuwa lina habari mpya.

Kidonda cha kawaida kikigeuka, kingo zake ndizo zinazosema. Kidonda kinachopona kina kingo za mteremko, laini, zenye ngozi changa inayotambaa kuelekea katikati. Kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda na kinachojulikana pia upande wa magharibi wa Kongo, kina kingo zilizochimbwa chini: ukipitisha kijiti safi kinaingia chini ya ngozi kama mkono mfukoni, na hakiumi. Hicho kinatibiwa kwa antibiotiki kwa wiki 8. Saratani hufanya kinyume. Kingo zake zinainuka na kujikunja nje kama mdomo wa chungu, na katikati yake kunaota nyama yenye vichwa-vichwa kama koliflawa za Lubero sokoni. Inatoa damu kwa kuguswa na kitambaa. Harufu yake inabadilika. Na kidonda kilichokuwa kimya kinaanza kuuma usiku.

Mabaka ya ukoma yenyewe ni rahisi kuyatenga. Chukua pamba, isokote iwe na ncha, mwambie mgonjwa afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila unapomgusa. Baka la ukoma limefifia kuliko ngozi, na ukimgusa juu yake haonyeshi. Kaposi inahisi, punye inahisi na inawasha. Vinundu vya ukoma masikioni na usoni ni vigumu zaidi kuvitofautisha, na hapo usijifanye jasiri, omba kipimo.

Kwa mtu mwenye ualbino ramani yote inageuka. Mguu wake unaweza kuwa salama kabisa na uso wake ukawa hatarini tangu utotoni. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza miale ya jua inayochoma ngozi kwa kiasi cha asilimia 10. Ubaridi wa asubuhi za Butembo unadanganya. Mtoto hajisikii kuungua mpaka jioni. Kinachotangulia saratani kwake ni vigaga vikavu kwenye masikio, shingoni, mdomo wa chini na nyuma ya mikono, ambavyo vidole hutambua kabla ya macho: ni kama kupapasa msasa. Mama huvidhani ukurutu, akavipaka mafuta, vikatulia siku mbili. Kigaga kinachodondoka na kurudi palepale, chini yake pakiwa na kidonda, kinapaswa kuonwa na munganga mwezi huo huo. Saratani hizi zikikatwa zingali ndogo kama punje ya mahindi, zinapona. Kofia pana, mikono mirefu na kukaa darasani mbali na dirisha ni dawa zinazopatikana Beni leo. Mafuta ya kukinga jua ni magumu zaidi. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC ina karakana inayotengeneza mafuta ya KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na sioni kwa nini jimbo lenye wafamasia kama letu lishindwe kufanya hivyo.

Nimebakiza adui mmoja ambaye si ugonjwa. Ni ule mrija wa krimu unaouzwa kila kona, wenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja. Unanunuliwa kwa kujichubua, unanunuliwa kwa punye, kwa upele, kwa kidonda. Steroidi huondoa wekundu na muwasho kwa siku chache, kwa hiyo kila aliyeitumia anaisifu. Lakini inachofuta ni alama ambazo muuguzi angezisoma. Punye inapoteza duara lake na kusambaa. Kidonda kinatulia juu, kikichimba chini. Na Kaposi huchochewa na steroidi. Ukimwona mtu mwenye doa lisiloeleweka, swali la tatu baada ya lini na wapi liwe: umepaka nini? Ukikuta ni krimu hiyo kwenye punye au upele, aiache, umtazame tena baada ya wiki tatu au nne. Utaona sura ya kweli ikirudi. Kidonda kilichozoeleka na doa la unyayoni havisubirishwi hivyo.

Hata hivyo macho, vidole, pamba na tochi ya simu vyote vinaishia mlango mmoja: kinyama kikatwe na kupimwa. Hapo hofu inaingia. "Ukiigusa kwa chuma itasambaa," ndugu wanasema, na wanamtaja jirani aliyekatwa akafa. Jirani huyo alikatwa akiwa amechelewa. Kilichomuua kilikuwa kimeshasambaa. Kukata kinyama kwa kipimo hakuisambazi saratani ya ngozi. Na hofu hii isichukuliwe kuwa ujinga. Mwezi Februari 2019 vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa moto na risasi, na tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Mji uliopitia hayo, ambako watu waliingia hospitali na hawakurudi nyumbani, una haki ya kuuliza kinyama chake kinapelekwa wapi. Jibu lazima litolewe kwa maneno yanayoeleweka, kabla ya kijisu.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Sindano ya ganzi, kijisu cha mviringo chenye upana wa milimita 4, kwenye ukingo wa kidonda na si katikati, kwa sababu katikati kuna nyama iliyooza isiyo na habari. Doa linaloshukiwa kuwa melanoma likatwe lote likiwa dogo. Kinyama kinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10, nyingi mara kumi kuliko chenyewe. Spiriti si mbadala mzuri, na maji ya chumvi yatakiozesha njiani.

Njia ndiyo ndefu. Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, utawala wa jimbo ulihamia Beni na barabara ya kusini ikawa ngumu kuliko zamani. Wengi wanaoweza wanashuka Kasindi, wanavuka mpaka wa Mpondwe na kwenda Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda imefanya kazi hii tangu mwaka 1967. Wasioweza wanatuma kichupa peke yake, mkononi mwa dereva anayeaminika, kimefungwa plasta na kuwekwa ndani ya mifuko miwili.

Karatasi ya kichupa iandikwe kwa penseli, kwa maana fomalini ikivuja hufuta wino. Umri. Mwanaume au mwanamke. Mguu upi, mahali gani pa mguu. Kovu la zamani, ukoma, ualbino, majibu ya kipimo cha virusi. Krimu iliyopakwa. Kisha mstari ambao mtaalamu wa patholojia, akiwa mbali na benchi lile, atausoma kabla ya kuweka kioo chini ya darubini: tangu lini. Mzee alisema tangu wakati wa Ebola. Mwulize tena, polepole, kama ilikuwa kabla au baada ya wao kuchanjwa, kama maharagwe yalikuwa shambani au yamevunwa, kama mjukuu yule alikuwa amezaliwa. Atafikiri, atahesabu kwa vidole, atamgeukia mkewe. Andika mwezi na mwaka.